Nani Atamchinja Mbuzi wa Muthoki

Kufika saa tano asubuhi Mutindi alikuwa ametoka mara sita kuangalia barabara. Lori la Sugow wapi! Vumbi tu na punda wa watu.

Siku hiyo wakwe walikuwa wamekuja Zombe kumposa Muthoki, kitinda mimba wake, na mbuzi alikuwa nyuma ya jiko akingoja kisu. Kisu cha nani sasa? Hapo ndipo penye kazi. Alipoposwa dada yake Muthoki, mbuzi alichinjwa na shemeji Musembi, na Nadifa, mke wa Sugow, jirani wa ukuta kwa ukuta miaka ishirini, akashinda pale na chupa moja ya soda. Wakwe wa siku ile wakanong'ona: huyu Msomali anatuona wachafu. Nadifa akasikia. Nadifa huyo huyo aliyemkimbiza Mutindi hospitali Kitui, damu ikimtoka, Muthoki akiwa bado tumboni! Mutindi aliona aibu mpaka akakosa usingizi, akaapa kwamba safari hii rafiki yake atakula kwake. Basi achinje Sugow. Lakini Sugow na turnboi wake wa lori, wanaume Waislamu wawili pekee wa soko zima, walikwenda kununua ng'ombe juzi na hawajaonekana.

"Shemeji, wageni wana njaa," Musembi akasema, kisu mkononi.

"Ngoja kidogo."

"Umesema ngoja tangu saa tatu! Kwani mbuzi ni wa Msomali ama ni wetu?"

Akashika kamba. Mutindi akawaza amfungue mbuzi akimbie, wanaume wamfukuze mpaka lori lije. Haki ya Mungu angefanya.

Ndipo Nadifa akaingia na sufuria ya chai.

"Mama Muthoki, mbona umekonda kwa siku moja?"

Mutindi akamwaga yote ya moyoni, machozi yakimlengalenga. Nadifa akaangua kicheko.

"Ni hiyo tu? Si ungeniuliza mimi! Kwetu wanaume wakienda na ngamia mwezi mzima, unafikiri sisi tulikula mchanga?" Akajifunga leso kiunoni. "Musembi, lete kisu. Wewe shika miguu."

Musembi akatoa kisu, mdomo wazi. Nadifa akamtaja Mungu wake, na kazi ikaisha.

Nyama ilipoiva, Nadifa alikula mbavu akafyonza na mfupa. Mutindi alimtazama kwa furaha. Lakini mzee Mulei, msemaji wa wakwe, akasukuma sahani yake.

"Tangu nizaliwe sijala mbuzi wa kuchinjwa na mwanamke."

Watu wakaacha kutafuna. Mutindi akaiona posa ya mtoto wake ikiteleza hivi hivi. Nadifa akapangusa vidole, akaenda kwenye kreti ya soda, akafungua chupa moja na kumpa mzee kwa mikono miwili.

"Kunywa polepole, mzee," akamwambia. "Siku ni ndefu ukiwa na soda moja."