Dada Aliyekaa Mbele

Wazo la safari lilikuwa la mkurugenzi na mkewe, lakini gari lilitafutwa na mume wa Mziwanda. Alikuwa mkandarasi wa majengo, na alitaka mkurugenzi, ambaye ndiye aliyempa kazi, aone kwamba naye si mtu wa kubahatisha. Alikodi gari refu jeusi lenye viti vya ngozi na friji ndogo, pamoja na dereva wa glavu nyeupe. Wangezunguka miji ya kale, walale kwenye majumba ya zamani yaliyogeuzwa hoteli, kisha wamalizie milimani.

"Mwambie dada yako naye aje," mume alisema. "Atatusaidia na mtoto."

Mziwanda aliitwa hivyo kwao kwa sababu alikuwa wa mwisho kuzaliwa. Mama yao alipofariki, dada yake mkubwa ndiye aliyemlea. Alimsuka nywele, akamshonea sare, akaenda kumtetea kwa walimu. Tangu utotoni Mziwanda alikuwa akimwahidi, "Dada, nikipata, nitakutembeza." Kwa hiyo alipompigia simu hakugusia habari ya mtoto. Alisema tu, "Ile ahadi imeiva." Dada akajishonea gauni jipya la bluu, akaja.

Asubuhi ya kuondoka, mkurugenzi na mkewe walimkuta Dada kando ya gari, mtoto begani, mfuko wa nguo za mtoto mkononi.

"Huyu ni dada," Mziwanda alisema.

"Mmekuja na dada! Mmefanya la maana," mke wa mkurugenzi alisema kwa furaha. "Wangu nimemwacha nyumbani, sasa najuta. Dada, mkoba wangu ule pale, naomba uniingizie garini."

Mziwanda alifungua mdomo. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama matairi. Nafasi ya kusema ilikuwepo, fupi lakini ya kutosha. Akaufunga mdomo. Dada yake aliuchukua mkoba, akauingiza garini, kisha akaenda kukaa mbele, ubavuni mwa dereva.

Nitasema tukifika, Mziwanda alijiambia.

Walifika mji wa kwanza mchana, mji wenye lango la mawe na vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Gari liliachwa nje, wakaingia kwa miguu wakishangaa roshani za mbao zilizochongwa kama lesi. Hoteli yao ilikuwa jumba lenye ua wa ndani na chemchemi katikati. Mhudumu alipoanza kupanga viti, mke wa mkurugenzi alimwambia, "Dada atakula na dereva, usijisumbue." Dada alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Nataka kukaa na mama mkubwa!" mtoto alilia.

"Mama mkubwa?" mke wa mkurugenzi aliuliza.

Mziwanda alicheka. Hata yeye hakujua kicheko kile kimetoka wapi. "Watoto hawa! Amemzoea tu, ndiyo maana anamwita hivyo."

Dada alikuwa amerudi kuchukua kikombe cha mtoto. Mkono wake ulisita juu ya kikombe, kisha ukakichukua.

Tangu hapo Dada aliifanya kazi aliyopewa, tena kwa ukamilifu. Alibeba, alipanguza, alinyamaza. Mume wa Mziwanda akawa "bosi". Mziwanda mwenyewe akawa "mama".

"Dada, usiniite hivyo," Mziwanda alimnong'oneza kwenye korido.

"Nikuiteje? Nisije nikakuharibia."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli.

Siku zilizofuata walipita kwenye mashamba ya alizeti yasiyo na mwisho, wakapita ziwa tulivu kama kioo. Mkurugenzi aliteremsha kioo cha dirisha na kusema hapa mtu hupona bila daktari. Wote walikubali. Mziwanda alikuwa anatazama kisogo cha dada yake. Mbele kule, Dada na dereva walikuwa wakizungumza chinichini na kucheka, na kila walipocheka yeye alihisi anachekwa.

Mchana mmoja, walipokuwa wamejilaza hotelini, alisikia pasi ikigonga meza chumba cha pili. Mke wa mkurugenzi alikuwa amempa Dada gauni lake alinyooshe.

"Waambie," Mziwanda alimwambia mumewe.

"Niwaambie mimi? Dada yako au dada yangu?"

"Kama ulijua ni wangu, mbona ulinyamaza?"

"Nilikufuata wewe," mume alisema, akageukia ukutani.

Walipofika milimani, gari lilisimama mahali pa kutazamia bonde. Chini kabisa mto ulionekana kama uzi uliodondoka. Mke wa mkurugenzi alimpa Dada simu, wakajipanga kupigwa picha. Dada alisimama mbele yao na gauni lake la bluu, ambalo hakuna aliyekuwa amelisifu hata mara moja.

"Mama, sogea kidogo kulia," alimwambia Mziwanda. "Kichwa kinakatika."

Mziwanda hakusogea. "Huyu si dada wa kazi," alisema. "Ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Yeye ndiye aliyenilea."

Mke wa mkurugenzi alijishika mdomo. "Jamani! Nami nimempa gauni apige pasi!" Akamgeukia Dada. "Mbona hukusema, dada yangu?"

"Sikuulizwa mimi."

Mkurugenzi alimtazama mkandarasi. "Ulijua?"

"Ilikuwa... ilipita tu hivi."

Mkurugenzi alikwenda kusimama peke yake ukingoni. Aliyekuwa hajashangaa ni dereva tu. Aliendelea kufuta kioo cha gari, na Mziwanda akaelewa kwamba mtu huyu alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, na siku zote hizo alikuwa akimfungulia mlango na kumwambia karibu.

"Simameni basi," Dada alisema. "Jua linanipiga machoni."

Akawapiga picha.

Walimsihi akae nyuma, kwenye kiti kizuri. Alikataa kwa upole, akasema mbele anaona njia.

Jioni Mziwanda alikwenda kwenye chumba alichopewa dada yake, karibu na chumba cha kufulia. Kitanda kilikuwa chembamba na hewa ilinuka sabuni. Dada alikuwa anakunja nguo za mtoto.

"Dada, nisamehe."

"Habari ya mkoba nilikusamehe palepale. Mizigo nimebeba mingi, wewe ukiwemo." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini mtoto aliniita mama mkubwa, nawe ukacheka. Hicho bado sijakimeza."

"Nifanye nini?"

"Sijui, Mziwanda. Kweli sijui."

Machozi yalimjia Mziwanda, akayazuia. Alijua akilia, dada yake atainuka ambembeleze kama siku zote, na leo hakustahili. Dada alinyoosha mkono kuchukua nguo chafu zilizobaki. Mziwanda aliziwahi, akaenda nazo kwenye karo pembeni mwa chumba, akafungulia maji. Alifua moja baada ya nyingine, kola na mifuko, bila kugeuka. Nyuma yake alisikia kitanda kikilia. Dada alikuwa amejilaza, amegeukia dirishani, na Mziwanda hakuthubutu kuuliza kama amelala.