Swichi Chini ya Utepe

Swabra wa Mtopanga alikuwa na maringo ya kitu kimoja tu, nacho ni kamera yake. Kwa sura hakujidai, kwa mapishi alikubali kushindwa, lakini ukimgusa kwenye picha angekutajia harusi alizopiga tangu Kisauni hadi Likoni, moja baada ya moja, mpaka ujute kuuliza. Na haki alikuwa nayo. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake wenzake, mwanamume haingii na simu hazipiti mlangoni. Hukusanywa zote kikapuni, za wageni na za wenyeji. Linalobaki ni jicho moja la kuweka kumbukumbu, na jicho hilo lilikuwa la Swabra.

Ndiyo maana Jumapili ile, alipoifungua kwenye kompyuta kadi ya kamera yenye picha za harusi ya Ikhlas, aliifunga akaifungua tena asiamini. Picha mia mbili na kumi na nne za mwanzo zilikuwa safi, hata shanga za gauni ungezihesabu. Zikafuata kumi na tisa za mwisho, zote zimeingia ukungu. Na hizo kumi na tisa ndizo pekee alizokuwamo Bi Mwanaima, mamake bibi harusi.

Bi Mwanaima alikuwa ameliwa na saratani mwaka mzima. Alasiri ile ya kupamba alilala chumba cha pembeni, akatolewa mwishoni akishikwa mikono huku na huku, akakaa na mwanawe dakika kumi, akarudishwa kitandani. Maisha yake yote hakupenda kupigwa picha. Ile ya kitambulisho ndiyo aliyokuwa nayo, na humo amekunja uso utadhani kasingiziwa wizi wa kuku. Safari hii alikubali kwa kuwa Ikhlas alimshika magoti.

Jumanne Bi Mwanaima akafariki.

Swabra alitoka mazikoni akaenda moja kwa moja kwenye kamera. Alifanya yote anayoyajua. Alibadilisha betri. Alivua lenzi, akavifuta vile vichuma vya shaba vinavyoiunganisha na kamera kwa kitambaa kikavu. Alipanga chupa za viungo mezani, bizari, iliki, mdalasini, akapiga aone fokasi inashika ipi. Haikushika hata moja. Akatia lenzi nyingine, ile ndogo ya zamani, na picha zikatoka safi. Basi, akasema, lenzi kubwa imekufa. Akapumua. Kuna raha ya ajabu katika kumpata wa kulaumiwa, hasa akiwa hana mdomo. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Siku ya pili akaipeleka lenzi kwa Mutua, fundi wa Changamwe, mtu wa bara aliyekuja pwani kwa kazi ya bandarini akaishia kufungua kamera za watu. Mutua aliipachika, akachungulia, akabonyeza. Kimya.

"Mama, mbona hailii? Ikishika fokasi si inafaa ilie?"

"Sauti niliizima mimi," Swabra akasema. "Siku moja ililia katikati ya dua, mabibi wote wakanigeuzia shingo. Tangu hapo naipigia kimya."

Mutua akaigeuza lenzi ubavuni. Palikuwa na kipande cha utepe mweusi, kimechakaa, gundi imeyeyuka kwa joto na jasho.

"Na hii plasta ni ya nini?"

"Ya swichi. Niliibandika iwe kwenye A daima, isije ikasogea mkobani."

Mutua akaubandua utepe kwa ukucha, akamwonyesha. Swichi ilikuwa kwenye M. Akaisukuma, akaelekeza kamera kwenye kalenda ya ukutani, na picha ikatoka safi tupu.

"Lenzi iko sawa kabisa. Ikiwa A, kamera inatafuta yenyewe, na isipopata inakataa kupiga. Ikiwa M inangoja mkono wako uzungushe. Usipozungusha haikwambii kitu, inapiga tu. Kuna mtu alikaza kidole hapa, plasta ikalegea ikateleza pamoja na swichi. Nani mwingine alishika hii kitu?"

Swabra aliutazama ule utepe. Alikwisha kumwona mtu huyo akilini.

Bi Mwanaima alipotolewa chumbani hakukaa mara moja. Alisimama mbele ya mwanawe, pumzi zikimpanda, akanyoosha mkono kwa Swabra. "Ndoo, mwanangu. Nipa nami nimpige moja." Mtu aliyeogopa kamera miaka sitini! Wanawake wakacheka na kupiga vigelegele. Swabra akamvika mkanda shingoni, akamwonyesha pa kubonyeza. Kamera ilimzidi uzito. Mkono wa kulia ulibonyeza, na alipoona kamera inamponyoka, wa kushoto ukaikumbatia lenzi kwa nguvu zake zote, kidole gumba kikiwa hapo hapo kwenye utepe. Swabra akaipokea. Bi Mwanaima akaketi ubavuni mwa mwanawe, na Swabra akasogea karibu, akapiga picha kumi na tisa.

Ukungu aliuona. Hilo ndilo lililomchoma. Aliuona kwenye kioo cha kamera, lakini udi ulikuwa umetanda na yeye mwenyewe alikuwa akilia, akadhani ni machozi.

Ikhlas alikuja dukani kwa Swabra baada ya hitma ya mamake, amekonda, hina ya harusi bado haijamtoka mikononi. Alisalimu, akakaa kwenye kigoda cha dukani, akasema, "Da Swabra, mimi za harusi sina haraka nazo. Nataka ya mamangu. Moja tu."

Swabra alikuwa amejiandalia maneno njiani, msikitini, jikoni. Angeweza kusema lenzi ilikufa. Nani angebisha? Angeweza pia kusema kweli nzima, kwamba ni kidole cha marehemu. Aliyatazama macho ya yule msichana akayaacha yote mawili.

"Zimeharibika," akasema. "Zote kumi na tisa. Kamera haikuwa na kosa. Swichi ilikuwa imehama, nami ndiye fundi, sikuangalia. Kosa ni langu, Ikhlas."

Sauti kali ikamtoka Ikhlas. "Simu zetu mulizikusanya! Dada yangu aliomba yake moja ibaki, mukakataa. Mukasema yupo Swabra."

"Kweli."

"Wallahi hata sauti yake sina. Sina kitu!"

Kuna lawama ambayo mtu anaistahili, na adabu yake ni kusimama ikupate. Swabra akamwacha alie mpaka akashusha pumzi. Kisha akatoa bahasha chini ya meza, akachomoa picha kubwa, akaisimamisha juu ya kabati la kioo.

Ilikuwa ya mia mbili na kumi na nne, safi kuliko zote. Ikhlas peke yake, upande mmoja umekatika kidogo, gauni limepinda. Anacheka na machozi yanamshuka, midomo imefunguka kama ya mtoto anayetaka kusema neno. Hakuna picha nyingine kati ya zile iliyomwonyesha na uso ule.

"Hii hukuipiga wewe," Ikhlas akasema polepole.

"Sikuipiga mimi."

Ikhlas akaweka kiganja mdomoni. Alikuwa amekumbuka.

"Ulikuwa ukimtazama yeye," Swabra akasema. "Ndivyo alivyokuona. Aliponirudishia kamera nilimwonyesha kwenye kile kioo kidogo. Akaitazama mno. Akasema, 'Yatosha, nishamuona.'"

Habari ya kidole hakuisema, na mpaka leo hajaisema. Hiyo ameibeba mwenyewe. Utepe hakuubandika tena, na sauti ya kamera ameirudisha. Mabibi na wageuze shingo wapendavyo.

"Alisimama mbali gani?" Ikhlas akauliza.

Swabra akapima kwa macho. "Kama hapo mlangoni. Hatua tatu."

Ikhlas akainuka, akaipa picha mgongo, akahesabu hatua tatu kwa sauti ndogo, kisha akageuka. Akasimama pale mlangoni, mahali pa mamake, akajitazama.