Mheshimiwa wa Kwenye Friji

Ephraim alipopata uraia wa Australia, fahari yake yote aliibandika kwenye friji: sumaku yenye picha ya mbunge wa jimbo lao, iliyoletwa na posta mtaani kwao Toongabbie. Kila asubuhi, kabla hata ya kumsalimia mkewe Katungu, aliisalimia picha. "Mheshimiwa, umeamkaje?" Katungu alikuwa akinuna, akimuuliza kama mheshimiwa ndiye anayempikia bugali.

Korona ilimchukua Ephraim mwaka 2021, mji ukiwa umefungwa. Makaburini waliruhusiwa watu wachache, matanga hayakukaliwa, ndugu walilia kwenye simu. Katungu hakulia. Asubuhi baada ya mazishi, akiwa anakoroga chai, aliisikia sauti ya mumewe nyuma yake: "Mheshimiwa, umeamkaje?"

Ikawa kila siku. Katungu aliogopa, aliogopa kweli, hata chai akawa anainywea sebuleni, amesimama. Binti yake Bénie alimwambia, "Mum, ni huzuni tu, it's normal." Huzuni gani inasalimia friji? Kijijini kwao Kivu, mtu akifa, mwami, yaani chifu, huarifiwa kwanza, naye hujibu, "Nimesikia." Asiyetajwa mbele ya mkubwa wa nchi hubaki akizungukazunguka nyumbani, akingoja ruhusa ya kwenda. Na mkubwa wa Ephraim alikuwa nani, kama si huyo wa kwenye friji?

Mji ulipofunguliwa, Katungu alijifunga kitenge cheusi akaenda ofisini kwa mbunge.

"Niko na habari ya bwana yangu," alimwambia karani. "Ni ya mheshimiwa peke yake."

Karani alitazama kompyuta. "Pole, mama. Mipaka ya majimbo imechorwa upya. Mtaa wenu umeenda jimbo la jirani."

Akapanda treni hadi ofisi ya mbunge wa jimbo la jirani. Karani wa huko naye akatazama kompyuta yake. "Mipaka hiyo haianzi kazi mpaka uchaguzi ujao. Rudi kwa yule wa kwanza."

"Sasa bwana yangu ni mutu wa nani?" Katungu aliuliza. Alirudi nyumbani amechoka, na asubuhi sauti ikasalimia kama kawaida.

Wiki chache baadaye simu ililia. Alikuwa mbunge mwenyewe, yule wa kwanza, akiwapigia watu wa jimbo kuwauliza wamevukaje janga.

"Naweza kuongea na Ephraim?"

Katungu alifungua kinywa, na hapo ndipo alipogundua kwamba neno lenyewe hajawahi kulitamka. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia, naye mfiwa alikuwa bado hajaanza.

"Ephraim alikufa," alisema. Kisha akalia, akalia mpaka akakaa sakafuni, na mbunge hakukata simu.

"Nimesikia, mama," alisema mwishowe, bila kujua alichokuwa akikisema. "Pole sana."

Kesho yake jikoni palikuwa kimya. Katungu alikoroga chai polepole, akitega masikio nyuma yake. Akaikoroga tena. Ndicho alichokitaka, ndicho alichokitafuta kwa treni, na sasa hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Aliisogelea friji, akaweka kidole juu ya ile picha.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "unirudishie bwana yangu."