Masufuria ya Klara

Kifuniko cha sufuria ya maharage kilikuwa kikitetemeka, na moto Klara alikuwa bado hajauwasha. Hicho ndicho alichokiona kwanza asubuhi ile, akichambua mchele kwenye kibanda chake cha chakula pale Misigiri.

Alipokifunua, ikatoka sauti ya Urbano, askari wa trafiki. Ilisema pikipiki imegongwa na lori karibu na Iguguno, mwendeshaji yu hai, gari la wagonjwa lije upesi, kisha ikamalizia "ovaa", kama wasemavyo redioni mtu akimaliza zamu yake. Klara akafunua sufuria ya wali. Humo dereva wa gari la wagonjwa alikuwa anazunguka Ulemo, anauliza ajali iko wapi. Ndani ya birika, zimamoto walikuwa wanauliza kama kuna moto. Kila mmoja aliita kwenye redio yake, na redio zao hazikuwahi kusikilizana tangu zinunuliwe.

"Majeruhi ana koti la kijani," maharage yakasema. "Kiraka chekundu mgongoni."

Kiraka hicho alikishona Klara. Koti ni la kaka yake, Noel.

Klara hakuzoea kusema mbele ya wakubwa. Shule aliiacha darasa la tano, hajawahi kunyoosha mkono. Badala ya kusema, akayasogeza masufuria na birika mpaka yakagusana, na wale wa redioni wakaanza kusikiana. Gari la wagonjwa likageuza. Lilifika Noel ameshafunikwa khanga na wapita njia.

Baada ya matanga Urbano alikuja kunywa chai.

"Dada Klara, siku ya mnada, magari yakiwa mengi, usiyatenganishe masufuria, tunayategemea. Na maharage punguza chumvi, sauti yangu inakauka."

Wateja wakacheka. Tangu hapo ikawa kazi yake. Ajali ikitokea, anagusanisha masufuria, na wenye njaa wanasubiri.

Mwaka huu akaja mkubwa mmoja wa serikali na sufuria mpya yenye utepe, ya kupokea redio ya watu wa misitu.

"Shikamoo," Klara akasema.

"Marahaba, binti. Redio za pamoja zipo kwenye mpango, ila kila idara ina fungu lake la fedha. Kwa sasa unatutosha wewe. Una la kusema?"

Kila wakubwa walipomuuliza hivyo, Klara alijibu hapana, akainamia moto. Safari hii aliipokea sufuria, akaisogeza hadi ikagusana na zile nyingine, akafunua vifuniko vyote ili redio zote zimsikie.

"Noel alikuwa hai," akasema, "wakati nyinyi mkiita kila mtu peke yake. Ovaa."