Shajara Ndani ya Soksi

Kidole, fundi wetu wa kompyuta, tulimpa jina hilo kwa sababu aliandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, tena kwa kasi hata herufi zikawa zinafika kwenye kioo kabla hajazifikiria. Siku moja niliona moshi ukifuka kwenye kibodi. Anayebisha na abishe. Chai iliyouzima ilikuwa yangu.

Ofisi yetu ilikuwa ya kuwatafutia watu ndugu waliopotezana. Mimi nilikaa mapokezi. Mtu akija, tunaingiza jina lake, la mama yake na lakabu ya utotoni kwenye kanzidata, lile ghala la ndani ya kompyuta, nalo linatafuta nani anafanana na nani. Karatasi tulikuwa tumeshaziaga kwa mbwembwe zote.

Basi wiki moja ghala likamkutanisha mama mmoja mshonaji na mwanamume aliyepita kwetu akiwa safarini. Anwani hatukuitoa kwa simu, maana matapeli wana masikio. Ilikuwa lazima tukuone uso. Nikampigia mshonaji nikamwambia kaka yake amekuja kumtafuta, aje.

Kabla hajafika, umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, na mashine ikaungua.

Kidole alikuwa na nakala ya ghala, ila ya wiki iliyotangulia. Yaliyoingia baadaye, jina la kaka mtu na anwani yake yakiwemo, yalikuwa kwenye mafaili madogo waitayo shajara, ambayo mashine huyaandika hatua kwa hatua. Ukiwa na nakala na shajara, unalijenga ghala lote upya. Nazo shajara zilikuwa ndani ya mashine ileile iliyoungua.

Mshonaji alifika, akakaa kwenye benchi langu na shati jipya mapajani. Alikuwa amemshonea kaka yake kwa kukisia, maana mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa kumfika kiunoni. Akaniuliza yukoje sasa. Nikamwambia ana mabega ambayo yaliingia mlangoni kwa zamu, la kulia kwanza. Akacheka mpaka akajifuta macho.

Kidole aliomba asubiriwe siku moja. Msaidizi wake, Dada Akiba, mtu asiyetupa hata kamba ya kifurushi, huenda alikuwa na shajara za ziada, ila alikuwa kwa mdogo wake aliyejifungua, na huko simu hazishiki. Meneja akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kidole akajibu subira huvuta heri. Methali zetu bwana, kila upande una wakili. Lakini foleni ilikuwa imefika ngazini.

Kidole alitoka akachuchumaa mbele ya mshonaji.

"Mama, naweza kulifungua ghala kwa nguvu kutoka kwenye nakala, bila shajara. Ila litaanza kuhesabu upya. Shajara za zamani, zenye kaka yako, zikija, halitazitambua."

Mama akaikunja kola ya shati, akaikunjua.

"Usiniulize mimi, mwanangu. Hao walio ngazini nao wana ndugu."

Kidole akalifungua. Kisha akafuata kanuni ya mafundi wenzake: ukishafungua kwa nguvu, chukua nakala mpya papo hapo, usije ukapoteza na hicho ulichookoa. Diski ya akiba ilikuwa moja tu. Akaiandika nakala mpya juu ya ile ya zamani.

Asubuhi Dada Akiba aliingia akihema, akatoa mkobani diski ndogo iliyovikwa soksi ya mtoto mchanga isipate mikwaruzo. Shajara zote zilikuwamo. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alisema ghala lililofunguliwa wangeliacha liendelee, wangechukua ile nakala ya zamani, waijenge pembeni, wazipandishe shajara juu yake, na kaka mtu angeonekana kabla ya chai.

"Nipe hiyo nakala," alisema.

"Nimeandika juu yake."

Dada Akiba aliirudisha diski ndani ya soksi taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Shajara bila nakala yake ni ngazi isiyo na ukuta wa kuegemea. Kidole alikitazama kile kidole chake, na tangu siku hiyo sikumwona tena akiandika kwa kasi.

Mshonaji alipoelezwa hakulia. Aliomba aandikishwe tena, nikamwandika. Kisha akatoa wembe, akaanza kufumua shati mabegani.

"Mabega yake yakoje, mwanangu? Sema kweli, leo usinitanie."

Hadithi ya mlango nilikuwa nimeshaisimulia ofisi nzima, na kila nilipoisimulia mabega yalikuwa yameongezeka. Nikatanua mikono hewani. Nikaisogeza karibu. Nikaitanua tena.

Mama akanyoosha utepe wake wa kupimia kutoka kiganja changu kimoja hadi kingine.

"Tulia," alisema. "Mikono isitikisike."