Muratina ya Kituo cha Mwisho

Mimi Moffat sijawahi kutia sukari wala miwa kwenye pombe yangu ya muratina, na anayesema vingine aje aseme mbele yangu. Ni asali, maji ya mlimani na tunda la muratina lililokaushwa juani, basi. Baba yangu aliitengeneza hivyo hapa hapa Naro Moru, na watu walitoka Nyeri kuja kuinywa. Mtu akiniambia nchi za wenzetu zina mvinyo, mimi humuuliza, kwani hii yangu ni nini? Uji?

Ndiyo maana Shiro alipokuja kusema chama chao cha baiskeli kinatafuta njia ya kupita wakila na kunywa vya kwetu, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Shiro ni msichana wa Nyeri mjini, mwenye miguu ya kupanda vilima na mdomo usioogopa wazee. Hakutaka mtu wa kuwaongoza wageni. Tulipaka mishale myekundu kwenye mawe kuanzia Nanyuki, kila mgeni ajiendee mwenyewe. Asubuhi angekunywa chai ya maziwa ya ngamia kwa Farhiya mjini Nanyuki, mchana angekula mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, kwa dada yangu Warigia njiani, mwisho angeonja muratina kwangu, halafu ateremke Nyeri kabla ya giza.

Tulikubaliana kitu kimoja, kuonja tu, maana mtu aliyeshiba hapandi kilima. Siku ya majaribio ikienda vizuri, chama kitaleta watu mwaka mzima. Ikiharibika, watahamia upande wa Timau. Nikasema Timau kuna ngano na maua, sasa nani anakunywa maua? Nilisema kwa kicheko, lakini moyoni niliogopa. Tangu baba afe sikuwa nimepata mgeni wa mbali wa kumwonyesha kazi yangu.

Siku ya majaribio Shiro alitoka Nanyuki na mwenzake wa chama, kijana mrefu anayeitwa Kim. Mimi nilishaosha pembe ya kunywea na kufagia uwanja. Saa waliyotarajiwa ikapita, barabara kimya. Nikampigia Farhiya.

"Walitoka zamani, Mzee Moffat. Niliwapa chai kidogo tu."

"Kidogo namna gani?"

"Na anjera, chapati zetu laini. Na nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukausha. Mgeni atoke kwangu akimeza mate? Na hiyo yako mimi siongei, unajua dini yangu, lakini nimewaambia huko mwisho kuna mzee wa asali."

Nikampigia dada yangu.

"Wamelala," Warigia akasema.

"Wamelala wapi?"

"Hapa chini ya parachichi. Huyo kijana alimaliza sahani, nikamwongezea. Akamaliza tena. Sasa sahani ikiwa empty mbele ya mgeni, ati mimi nikae nikiiangalia?"

Nilimfokea mpaka salio likaisha. Tulikubaliana kuonja, na wao wameandaa harusi!

Walifika jua likiwa limeshainama upande wa Nyandarua, wakija kwa miguu, wakisukuma baiskeli. Kim alikuwa ameshika tumbo.

"Guka, hiyo mlima si ya mtu ameshiba," akaniambia kama babu yake, akajitupa kwenye nyasi.

Shiro hakukaa. "Tupatie kidogo tu, guka, mdomo moja moja, tushuke. Tukiingia Nyeri kabla ya giza, hii route imepita."

Nilimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotutangulia. Kisha nikanywa mimi kwanza, kama mtengenezaji anavyopaswa, mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Ilikuwa tamu. Nimetengeneza muratina tangu ujana, na sijawahi kutoa kama ile. Nikanyoosha mkono kumpa Shiro pembe, na hapo macho yangu yakaangukia zile baiskeli kwenye ua, na tairi zao nyembamba. Nikafikiria malori ya barabara ya Kiganjo inayoshuka Nyeri. Nikairudisha pembe.

Kwenye boma hili, anayekunywa hulala. Wageni wa baba walikuja kwa miguu, na hata hao alikuwa akiwafungia fimbo zao ndani mpaka asubuhi. Hakuna siku mtu aliokotwa mtaroni, jina la baba yangu likatajwa.

"Mnywe mlale, au mwende bila kunywa," nikasema. "Ya kunywa na kupanda baiskeli sitoi, hata tone."

"Guka! Si tuliagree? Sasa nitaambia chama nini? Ati kituo ya mwisho ilikataa?"

"Waambie hivyo hivyo."

Nilikuwa naitupa mwenyewe bahati niliyoingoja miaka, tena mbele ya watoto. Lakini afadhali nisijulikane kabisa kuliko nijulikane kwa hilo.

Kim alimtazama Shiro. Shiro aliitazama barabara, akaitazama pembe. Halafu akashika baiskeli yake, akaisukuma mpaka ndani ya stoo yangu, akarudi kuchukua ya Kim.

"Funga," akasema.

Nikafunga, nikatia ufunguo mfukoni, nikampa pembe. Alikunywa polepole. Akavuta kigoda akaketi, akanywa tena. Kisha akatoa simu akampigia mwenyekiti wao.

"Chairman, route iko fiti, lakini si ya siku moja. Hapo ndio tulikosea. Ambia watu wabebe miswaki." Akasikiliza. "Kutoa kituo ya mwisho? Aa-aa. Hapa ndio tulikuwa tunakuja."

Niligeuka nikajifanya naangalia mawingu ya mlimani, maana sikutaka wanione macho. Kisha nikamwendea Kim, nikamjazia pembe mpaka juu.