Nyutroni za Katindiuka

Taasisi ya fizikia chuoni ilikuwa na maeneo matatu ya utafiti: nyota, umeme wa jua na mionzi ya hospitali. Dokta Odilia, mhadhiri mgeni, aliomba liongezwe la nne, fizikia ya maji ardhini. Akakataliwa. Akaomba tena. Akakataliwa tena.

"Udongo tuwaachie watu wa kilimo," Profesa Theodori, mkuu wa taasisi, alimwambia.

Mara ya tatu Odilia hakuandika barua. Aliwaalika Profesa na wajumbe wa bodi Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, kwenye mashamba ya mpunga alikokulia. Baba yake, mzee Evarist, akamshikia nguzo ya kufungia kifaa.

"Mionzi ya angani ikigonga hewa na ardhi, huzaa chembe ndogo mno, nyutroni," Odilia aliwaeleza. "Maji huzimeza. Kifaa kikihesabu chache, ujue chini kuna maji."

"Basi pima lile," alisema Profesa, akionyesha shamba la Yosefina, jirani yao. Mpunga ulishavunwa, ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kidole.

Kifaa kilihesabu kwa saa nzima. Odilia akasoma. "Lina maji mengi."

Majirani waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Hata Yosefina alicheka. "Dada, hapo nimeshapaacha mpaka masika!"

Mzee Evarist hakucheka. Akampa bintiye jembe.

Pigo la kwanza lilitoa vumbi. La pili, vumbi. Jasho likamtiririka Odilia mgongoni. Kuumbuka chuoni angevumilia, lakini si mbele ya baba yake. Akazidi kuchimba. Shimo lilipofika kina cha kiwiko, udongo ukatoka mweusi, ukanata kwenye jembe.

Profesa alichuchumaa na viatu vyake vya ofisini, akachota tonge, akalikamua. Maji yakapenya vidoleni.

"Chimbeni na kule mwisho."

Wakachimba mashimo matano. Yote majimaji.

Vigelegele vikapasuka. Yosefina alikuwa ameshakunja kanga kiunoni. "Napanda kunde leo hii! Nani ana mbegu?"

Profesa akasimama, mikono imejaa tope. "Dokta, nilikosea. Tena mara mbili."

"Umesikia, baba?" Odilia aliuliza, machozi yakimlenga.

"Nimesikia. Mwambie arudie, na wa kule nyuma wasikie."

Profesa akarudia, kwa sauti. Jumatatu bodi ikalipigia kura eneo la nne, na hakuna mkono uliopinga.